Mlango wa Waumini: Uhakiki wa Hoja ya Wanawake Wayahudi wa Marekani kuhusu Haki za Uzazi

Tumezoea kuambiwa kwamba mjadala wa utoaji mimba una pande mbili tu: upande wa watu wa dini, wanaoupinga, na upande wa watu wasiojali dini, wanaouunga mkono. Wanawake Wayahudi wa Marekani wameuvuruga mgawanyo huo. Wanasimama mahakamani na katika masinagogi wakisema kwamba sheria inayokataza utoaji mimba inawazuia kuifuata dini yao. Hawadai kuachwa mbali na dini. Wanadai kwamba serikali imeingia ndani ya dini yao bila kualikwa.

Katika makala hii ninaihakiki hoja hiyo kama tunavyohakiki matini yoyote darasani. Nitauliza inasema nini, inasimama juu ya maandiko gani, inamlenga nani, na inamwacha nani nje. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime anapoendelea kusoma. Naona hoja hii ina nguvu kubwa inapofichua kwamba sheria inayojiita ya watu wote imebeba ndani yake tafsiri ya kidini ya baadhi yao. Lakini inapofika mahakamani inalazimika kubadili lugha, ikaacha kudai haki ya kila mwanamke na kuomba ruhusa kwa ajili ya yule tu anayeweza kuthibitisha kwamba dini yake inamwagiza. Hapo inashinda mlango mdogo, na ukuta unabaki pale pale.

Tuanze na wasemaji wenyewe. Baraza la Kitaifa la Wanawake Wayahudi, National Council of Jewish Women, lilianzishwa mwaka 1893 baada ya kongamano la wanawake Wayahudi lililofanyika Chicago wakati wa maonyesho makubwa ya dunia. Mwanzilishi wake alikuwa Hannah G. Solomon. Kwa hiyo tunaposoma matamko ya baraza hilo leo, tusidhani ni sauti iliyozuka juzi. Mwaka 2020 lilianzisha mtandao wa marabi wanaotetea haki za uzazi, na mwaka 2021 likaanza kuadhimisha Sabato maalumu ya haki hizo. Sabato hiyo iliwekwa katika juma ambalo masinagogi husoma sehemu ya Torati yenye Kutoka sura ya 21. Uteuzi wa juma hilo ni hoja tayari: somo la sinagogi na madai ya kisiasa yanakutana katika aya moja. Tarehe 17 Mei 2022 baraza hilo liliongoza mkutano wa hadhara mjini Washington, wakati rasimu ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ilikuwa imekwisha kuvuja.

Uamuzi wenyewe ulitoka tarehe 24 Juni 2022 katika kesi ya Dobbs dhidi ya Jackson Women's Health Organization. Mahakama ya Juu ya Marekani ilifuta uamuzi wa Roe dhidi ya Wade wa mwaka 1973, na suala la utoaji mimba likarudishwa kwa majimbo. Kesi tatu zinatusaidia kuona jinsi hoja ya Kiyahudi ilivyoingia mahakamani. Huko Florida, sinagogi la Congregation L'Dor Va-Dor lilishtaki mwezi huo huo wa Juni, likipinga sheria ya jimbo iliyokataza utoaji mimba baada ya majuma 15. Huko Indiana, mwezi Septemba 2022, shirika la Hoosier Jews for Choice pamoja na wanawake kadhaa waliofichwa majina walifungua kesi wakisaidiwa na tawi la ACLU la jimbo hilo. Huko Kentucky, mwezi Oktoba 2022, wanawake watatu Wayahudi wa Louisville nao wakashtaki. Mahakama hazikuzipokea kesi hizo kwa namna moja, na tofauti hiyo ndiyo itakayotufundisha mengi. Kabla ya kufika huko, tusome maandiko wanayoyategemea.

Andiko la kwanza ni Kutoka 21:22-23. Linasimulia wanaume wanaopigana, na katika vurugu hiyo wakamgonga mwanamke mwenye mimba. Mimba ikitoka na pasiwe na madhara mengine, mkosaji hulipa faini. Yakiwapo madhara, hulipa uhai kwa uhai. Wafasiri wa Kiyahudi tangu kale wamesoma hivi: kilichopotea kwanza ni mimba, na malipo yake ni fedha; madhara yanayotajwa baadaye ni ya mwanamke, na malipo yake ni uhai. Kama mimba na mama vingekuwa na hadhi moja, wanasema, adhabu zisingetofautiana.

Andiko la pili limo katika Mishna, mkusanyiko wa sheria za mapokeo uliopangwa mnamo mwaka 200 baada ya Kristo. Katika sehemu iitwayo Ohalot, sura ya 7, inaelezwa kwamba mwanamke akishindwa kujifungua na uhai wake ukiwa hatarini, mimba inakatwa tumboni ili aokolewe, kwa sababu uhai wake unatangulia. Lakini sehemu kubwa ya mtoto ikishatoka, haguswi tena, maana hapo ni uhai wa mtu mmoja mbele ya uhai wa mwingine. Rashi, mfafanuzi mkuu wa karne ya 11, alieleza kwamba kabla ya kutokea duniani kijusi hakijahesabiwa kuwa nafsi kamili. Talmudi nayo, katika Yevamot 69b, inasema kwamba kabla ya siku 40 mimba inahesabiwa kuwa kama maji tu. Haya ndiyo mawe ya msingi wa hoja.

Sisi wanafunzi wa lugha tuna jambo la kusema kuhusu jiwe la kwanza. Kitenzi cha Kiebrania katika aya ile ni cha kutoka: watoto wake wanatoka. Msemaji wa Kiswahili anaielewa picha hiyo bila shida, kwa sababu nasi husema mimba imetoka. Mtu akiambiwa jirani yake mimba imetoka, haulizi kama mtoto yu hai. Anakwenda kutoa pole. Biblia ya Kiswahili ya Union Version ilifuata njia hiyo hiyo kwa kutumia kitenzi cha kuharibu mimba. Lakini Kiebrania hakisemi mimba, kinasema watoto. Hapo ndipo mwanya unapopatikana. Baadhi ya tafsiri za Kiingereza zimeutumia. Toleo la New American Standard Bible la mwaka 1977 lilizungumzia kuharibika kwa mimba. Toleo la mwaka 1995 likabadilisha na kuzungumzia kuzaa kabla ya wakati. Kwa badiliko hilo, faini inakuwa ya usumbufu wa kuzaa mapema, na uhai kwa uhai unaweza kumhusu mtoto pia. Aya ile ile, sheria mbili.

Wala badiliko la namna hii halikuanza Marekani. Wayahudi wa Aleksandria walipoitafsiri Torati kwa Kigiriki katika karne ya tatu kabla ya Kristo, neno la madhara, ambalo kwa Kiebrania ni ason, lilipotea. Mahali pake pakawekwa swali jingine: je, kilichotoka kilikuwa kimeshaumbika au bado? Kama bado, faini. Kama kimeumbika, uhai kwa uhai. Kanisa la kale lilisoma zaidi kwa Kigiriki, na marabi walisoma kwa Kiebrania. Neno ason lenyewe ni adimu. Nje ya aya hii na inayofuata, hutokea katika kitabu cha Mwanzo, Yakobo anapoogopa kumwachia Benyamini asije akapatwa na msiba njiani. Kwa hiyo kabla hata hatujafika kwa wanasiasa wa Indiana, tayari tuna jamii mbili za wasomaji zilizotengana kwa sababu ya uteuzi wa mfasiri.

Hapa ndipo ninapoipa hoja ya wanawake hawa sifa yake ya kwanza. Bunge la jimbo linapoandika kwamba uhai wa binadamu huanza mimba inapotungwa, huwa linajigamba kwamba linataja jambo la sayansi tu. Sayansi inaweza kueleza yai na mbegu vinavyokutana, na lini moyo unaanza kupiga. Lakini haiwezi kutuambia ni lini kitu kinachokua kinapata haki zinazolingana na za mwanamke aliyekibeba. Hilo ni swali la maadili, na kwa watu wengi jibu lake linatoka katika dini. Wanawake Wayahudi wanapoleta mezani jibu lao, lenye umri wa miaka elfu kadhaa, wanaonyesha kwamba jibu la bunge nalo ni moja tu kati ya majibu. Jaji John Paul Stevens aliwahi kuandika jambo la karibu na hili mwaka 1989 katika kesi ya Webster, akiupinga utangulizi wa sheria ya Missouri uliotamka kwamba uhai huanza mimba inapotungwa. Aliona tamko hilo halina lengo lililo nje ya dini. Lakini alikuwa katika upande ulioshindwa.

Mpinzani makini ana jibu, na ni haki tulisikie. Atasema kwamba sheria nyingi hulingana na dini fulani bila kuwa za kidini. Dini zinakataza wizi, na serikali inakataza wizi. Je, tuiite sheria ya wizi kuwa ya kanisa? Mahakama ya Juu ilisema hivyo mwaka 1980 katika kesi ya Harris dhidi ya McRae: kulingana na mafundisho ya dini hakutoshi kuifanya sheria iwe ya dini. Naikubali kanuni hiyo, lakini mfano wa wizi haunishawishi. Kuhusu wizi, Myahudi, Mwislamu, Mkristo na asiye na dini wanafika mahali pamoja kwa njia tofauti. Kuhusu mwanzo wa nafsi hawafiki mahali pamoja, na tofauti hiyo inatokana hasa na maandiko yao. Serikali inapochagua jibu moja katika swali la namna hiyo, inamwingilia mtu kwa kiasi kikubwa kuliko inapokataza jambo ambalo wote wamelikataza.

Sasa niseme kinachonitatiza. Kwanza ni namna watetezi wanavyozungumza kana kwamba dini ya Kiyahudi ina sauti moja. Katika mabango na hotuba tunapewa picha rahisi: Torati inaruhusu, bunge linakataza. Mapokeo yenyewe hayana urahisi huo. Maimonides, mwanasheria mkuu wa karne ya 12, aliruhusu kukatwa kwa mimba inayomhatarisha mama kwa sababu aliifananisha na mtu anayemfukuza mwenzake ili amuue. Wako waliosoma kauli hiyo wakahitimisha kwamba, pasipokuwa na hatari ya uhai, ruhusa haipo. Katika miaka ya 1970 marabi wawili wakubwa wa Kiorthodoksi walitofautiana vikali kuhusu mimba yenye ugonjwa wa Tay-Sachs, maradhi ya kurithi yanayomuua mtoto akiwa mdogo. Moshe Feinstein wa New York alikataa. Eliezer Waldenberg wa Yerusalemu aliruhusu, hata mpaka mwezi wa saba. Wote wawili walitumia vitabu vile vile.

Mgawanyiko huo upo hata leo. Uamuzi wa Dobbs ulipotoka, Agudath Israel of America, jumuiya ya Waorthodoksi wenye msimamo mkali, iliupokea kwa furaha. Orthodox Union ilisema haiwezi kuunga mkono katazo la moja kwa moja wala ruhusa isiyo na mipaka. Ni kweli kwamba walio wengi wako upande wa watetezi: utafiti wa Pew Research Center wa mwaka 2014 ulikuta asilimia 83 ya Wayahudi wa Marekani wakisema utoaji mimba uwe halali katika hali zote au nyingi. Lakini wingi wa watu katika utafiti si sawa na kauli moja ya mapokeo. Mtetezi anayeficha mgogoro wa ndani anampa mpinzani silaha bure, kwa sababu mpinzani akimpata rabi mmoja anayekataa, hoja nzima itaonekana imevunjika.

Tena hakukuwa na haja ya kuuficha. Mgogoro huo ungeisaidia hoja. Kama Feinstein na Waldenberg walitofautiana juu ya mimba ile ile, basi uamuzi ulihitaji mtu mmoja, ugonjwa mmoja, mama mmoja, na mshauri anayeijua hali yake. Ndivyo sheria ya Kiyahudi ilivyofanya kazi kwa karne nyingi: swali linaletwa, linajibiwa kwa ajili ya aliyeuliza. Sheria ya jimbo inayokataza kwa wote inaliua swali kabla halijaulizwa. Hata yule ambaye rabi wake angemwambia hapana, ananyang'anywa nafasi ya kuuliza. Naona hiyo ndiyo sura bora ya hoja ya uhuru wa dini, na inasikitisha kwamba haisikiki sana mitaani.

Jambo la pili linalonitatiza ni zito zaidi, nalo linahusu lugha ya mahakama. Ili kulielewa, turudi kwenye kesi ya Harris ya mwaka 1980. Baadhi ya walalamikaji walidai kwamba sheria inawavunjia uhuru wa dini. Mahakama ilikataa kuwasikiliza katika hoja hiyo kwa sababu hakuna hata mmoja aliyedai kwamba ana mimba, au anatarajia kuwa nayo, na kwamba angeitoa kwa kusukumwa na imani yake. Maana yake ni kwamba mlango wa uhuru wa dini una bawabu, na bawabu anauliza swali moja: je, dini yako imekuamuru?

Huko Kentucky bawabu yule yule alikuwapo. Miongoni mwa wanawake wale watatu wamo waliopata watoto kwa mimba iliyotungwa maabara, nao waliiuliza sheria swali la haki kabisa: viinitete vilivyogandishwa ni nini mbele ya sheria inayosema binadamu huanza pale mimba inapotungwa? Wakivitupa, ni wauaji? Mwezi Juni 2024 jaji wa mahakama ya mwanzo aliitupa kesi yao, akisema hawakuwa na madhara halisi ya kuwapa haki ya kushtaki, kwa kuwa waliyoyataja yalikuwa ya kudhania. Naona hapa kuna ukatili wa kimantiki. Mwanamke asiye na mimba anaambiwa amewahi mno. Mwanamke mwenye mimba hawezi kungoja miaka miwili ya kesi. Ni lini basi atakuwa amefika kwa wakati?

Indiana ilikuwa tofauti, na tofauti hiyo inafurahisha na kutia wasiwasi kwa pamoja. Jimbo hilo lilipitisha mwaka 2015 sheria ya kulinda uhuru wa dini, iliyotiwa saini na Gavana Mike Pence. Sheria hiyo inasema serikali isimwekee mtu mzigo mkubwa katika kufuata dini yake, ila kwa sababu nzito sana na kwa njia yenye kubana kidogo iwezekanavyo. Wengi waliiona kama zawadi kwa Wakristo wahafidhina. Wanawake Wayahudi waliichukua wakaisoma kama ilivyoandikwa. Pamoja nao walikuwamo Mwislamu na mtu mwenye imani yake mwenyewe isiyo ya taasisi yoyote. Mwezi Desemba 2022 mahakama ikatoa amri ya muda ya kuzuia katazo lisitumike dhidi yao. Tarehe 4 Aprili 2024 Mahakama ya Rufani ya Indiana ikawaunga mkono, ingawa iliagiza amri hiyo iandikwe kwa mipaka myembamba zaidi.

Sababu mojawapo ya ushindi huo inastahili kutajwa. Katazo la Indiana lenyewe lilikuwa limeacha nafasi: kwa aliyebakwa, kwa kijusi chenye kasoro isiyomwezesha kuishi, kwa mama aliye hatarini, na kwa viinitete vya maabara. Serikali inayoweza kuvumilia nafasi hizo zote inapataje kusema haiwezi kuvumilia nafasi moja ya dini? Hoja hiyo ni safi. Nimeisoma mara kadhaa na sijaona jibu la kutosha.

Hata hivyo tuangalie nani analindwa na amri ile. Analindwa mwanamke ambaye imani yake ya kweli inamwelekeza kutoa mimba ambayo sheria ya jimbo haimruhusu kuitoa. Sasa mweke pembeni yake jirani yake. Umri mmoja, mtaa mmoja, ugonjwa mmoja. Jirani huyo ni Mkristo ambaye kanisa lake halisemi lolote, au hana dini, au anaamini kwamba Mungu amemwachia aamue mwenyewe. Daktari anawapima wote wawili na kuona kitu kile kile. Mmoja ana ulinzi wa mahakama, mwingine hana. Afya ya jirani haikupimwa kuwa nyepesi zaidi. Kilichopungua ni amri ya dini.

Tena neno amri linambana hata mwanamke Myahudi mwenyewe. Ndani ya mapokeo yake kuna hali ambazo utoaji mimba ni wajibu, kama uhai wa mama unapotishiwa, na kuna hali ambazo unaruhusiwa tu, baada ya mashauri na machozi. Mahakama inaelewa wajibu kwa urahisi, ruhusa inaisumbua. Kwa hiyo wakili anasukumwa kuigeuza kila ruhusa iwe wajibu, na imani yenye ngazi nyingi inasomwa mbele ya jaji kama orodha ya maagizo. Mwanamke anayekwenda mahakamani kuilinda dini yake anaweza kutoka na dini iliyonyooshwa ili ieleweke kwa wasio wake.

Wako watakaosema kwamba silaha hii ni ya hatari kwa wote. Mwaka 2014, katika kesi ya Hobby Lobby, wenye kampuni moja ya Kikristo walitumia sheria ya shirikisho ya mwaka 1993 kuhusu uhuru wa dini, wakaruhusiwa wasigharimie baadhi ya dawa na vifaa vya kuzuia mimba katika bima ya wafanyakazi wao. Wanasema anayeusifu uhuru wa dini huko Indiana hana kinywa cha kuulaumu katika kesi hiyo. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwajiri aliyeshinda mwaka 2014 alifuata imani yake, na wafanyakazi wake wa kike ndio waliobeba gharama. Mwanamke wa Indiana anafuata imani yake katika mwili wake mwenyewe. Najua mpinzani atasema kijusi ndicho kinachobeba gharama, na kwa kusema hivyo atakuwa ameturudisha kwenye swali la mwanzo, lile la hadhi ya kijusi, ambalo ndilo hasa dini hazikubaliani. Hawezi kulitumia jibu lake kama kipimo na wakati huo huo akajiita mwamuzi asiye na upande.

Kuna jambo moja la mwisho katika maandiko yenyewe, ambalo watetezi hawalitaji sana na ambalo kwangu ndilo kiini. Turudi tena Kutoka 21. Mwanamke amegongwa, mimba imetoka. Nani anadai fidia? Mume wake. Nani anathibitisha kiasi? Waamuzi. Mwanamke mwenyewe hasemi neno. Mishna inayomtanguliza uhai wake nayo inamzungumzia akiwa katika uchungu. Wanaozungumza ni wengine. Rashi, Maimonides, Feinstein, Waldenberg: tofauti zao ni kubwa, lakini wote ni wanaume wanaojadili tumbo lisilo lao. Mapokeo yaliuthamini uhai wa mwanamke muda mrefu kabla hayajaisikia sauti yake.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na wanaosema kwamba wanawake hawa wanarudia tu sheria ya kale. Mwanamke wa kwanza kuwekwa wakfu kuwa rabi nchini Marekani, Sally Priesand, aliwekwa mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya Roe. Kizazi kinachohubiri katika Sabato ya haki za uzazi leo ni kizazi kinachosoma Talmudi kwa macho yake. Wanapoleta aya ya Kutoka mahakamani, wanamweka mwanamke mahali ambapo aya haikumweka: mahali pa mdai. Jina la mlalamikaji ni lake, ama ni namba anayoitumia kujificha, lakini si la mume wake. Huo ni usomaji mpya, na wangeutangaza hivyo bila kuona haya. Si dhambi mapokeo kusomwa upya. Wafasiri wa Aleksandria waliyasoma upya, na waliobadilisha tafsiri yao mwaka 1995 waliyasoma upya pia.

Nahitimisha kwa hukumu ambayo si ya upande mmoja. Kama mbinu ya kesi, hoja ya uhuru wa dini imeonyesha huko Indiana kwamba inaweza kumlinda mtu halisi leo, na mtu aliye katika hatari leo haishi kwa nadharia. Siwezi kumwambia mwanamke yule asiupite mlango kwa sababu jirani yake amebaki nje. Kama hoja ya haki, hata hivyo, haitoshi, na hatari iko pale ambapo ushindi wa mlango utasherehekewa kana kwamba ukuta umeanguka. Wanaoitumia wanapaswa kusema mambo mawili kwa pauni moja: kwamba dini yao inawapa jibu lao, na kwamba asiye na dini ana tumbo, damu na hofu kama wao. Jambo la kwanza wamelisema kwa ufasaha, kwa maandiko na kwa ujasiri. La pili wamelisema katika mikutano ya hadhara. Katika hati za mahakama sheria haikuwapa nafasi ya kulisema. Kwa sisi tunaohakiki, pengo hilo kati ya hotuba na hati ndilo la kuchunguzwa, kwa sababu ndani yake amesimama mwanamke ambaye hakuna andiko lililomtaja.